Dhahabu Yangu ya Kwanza Ilifanana na Tope

Siku yangu ya kwanza kazini nilitahiniwa kwa bisibisi. Nilifika mapema, nimevaa viatu vya kanisani na sketi niliyoipiga pasi mara mbili, vyeti vyangu vya maabara vimo ndani ya bahasha. Injinia, aliyekuwa mkuu wa karakana, hakuitazama hata hiyo bahasha. Alinisukumia kompyuta kuukuu iliyojaa vumbi na mayai ya mende, akanipa bisibisi, akasema, "Fungua, Mama. Nionyeshe dhahabu iko wapi."

Nikafungua. Ndani mlikuwa na bodi ya kijani, nyaya, feni ndogo na utando wa buibui. Nikaona skrubu moja ya manjano inang'aa. "Hii hapa," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefaulu.

Injinia alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo ni shaba tu. Ungeipeleka kwa sonara angekufukuza." Kisha akageuka na kumwita mwanamke mnene aliyekaa kwenye kigoda kando ya meza ndefu. "Nereah, huyu ni wako. Mfundishe kuona."

Karakana yetu ilikuwa Kisumu, upande wa reli, ghala la mabati lililokuwa zamani la magunia. Tulipokea vifaa vya umeme vilivyokufa: kompyuta, simu za kubonyeza, redio, mashine za ofisini. Tulivivunja na kutenganisha kila kitu, chuma huku, plastiki kule, na mwisho kabisa, kwenye chumba cha nyuma, tulitoa dhahabu. Ndiyo, dhahabu. Nami nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza.

Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya wasichana kule kwetu Asembo Bay. Niliosha chupa, nikapima asidi za mtihani, nikawazuia wasichana wasijichome. Shule ilipopunguza wafanyakazi, jina langu lilikuwa la kwanza. Mume wangu, Baba Otis, ambaye ni mwalimu, hakufurahia nilipomwambia kuhusu kazi mpya. "Umesoma kemia yote hiyo," aliniuliza, "ili ukaokote taka Kisumu?" Nilikwenda hivyo hivyo.

Nereah ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Meza, yaani msimamizi wa wachambuzi. "Nyar Asembo, kuja hapa," aliniita. Hakuwahi kuniita kwa jina lingine. Kwake nilikuwa binti wa Asembo tu. Akachukua kipande chembamba kutoka kwenye kompyuta yangu, kile cha kumbukumbu, akanionyesha ukingo wake wa chini. Palikuwa na mistari midogo ya manjano iliyopangana kama meno ya kitana. "Hii tunaita vidole. Dhahabu iko hapa. Ile skrubu yako ni ya kudanganya watoto."

"Umejuaje?"

"Mimi nimeuza samaki Dunga, pale ufuoni mwa ziwa, miaka mingi. Samaki aliyelala unamjua kwa macho, hata kama ameoshwa. Hii pia ni kuangalia tu."

Nieleze kidogo, maana vijana wengi huniuliza dhahabu inafanya nini ndani ya simu. Dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri. Kwa hiyo wanaotengeneza mashine huipaka pale kipande kimoja kinapogusana na kingine. Huipaka nyembamba mno, hata ngozi ya kitunguu ni blanketi mbele yake. Ndiyo maana ukiikwangua kwa kisu hupati chochote, na ndiyo maana bodi moja haikufaidii. Unahitaji magunia.

Nilikaa mezani kwa Nereah miezi mingi. Alinifundisha kutoa kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, kabla sijagusa kitu kingine chochote, kwa sababu kapasita kubwa inaweza kukurusha ukutani hata kama mashine imekufa tangu mwaka jana. Alinifundisha kutofautisha manjano ya dhahabu na manjano ya shaba kwa kuigeuza bodi dirishani. Siku nilipoweza kuchambua beseni zima bila yeye kurudisha hata kipande kimoja, aligonga meza kwa bisibisi na kupiga kelele, "Yawa! Nyar Asembo amefunguka macho!" Wachambuzi wote wakagonga meza zao. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na niliona haya jinsi nilivyofurahi.

Kutoka mezani nilipelekwa Katito, kuanzisha kituo cha kukusanya. Katito ni njia panda, watu wa Kisii na wa Kendu Bay wote hupita pale, na mafundi wa simu na redio walikuwa wengi. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi watupatie vitu vyao vilivyokufa badala ya kuvichoma. Maana walivichoma. Nyuma ya vibanda vijana waliwasha moto, wakatupa bodi na nyaya juu yake ili wapate shaba, na moshi mweusi ukaingia moja kwa moja kwenye mboga za akina mama. Dhahabu yote ikapotelea kwenye majivu.

Mzee Odhiambo, fundi wa redio, ndiye aliyenisumbua zaidi. Kibanda chake kilijaa mashine hadi darini.

"Nataka kuchukua taka zako, Mzee," nilimwambia.

"Hakuna taka hapa. Hawa ni wagonjwa wangu. Wanangojea spea."

"Wamengojea tangu lini?"

Alimpigapiga mgongoni redio mmoja wa kijani. "Huyu? Tangu kijana wangu wa kwanza hajaoa."

"Na huyo kijana wako?"

"Sasa ako na wajukuu... hapana, ako na watoto. Wajukuu ni wangu." Tukacheka wote wawili, lakini hakutoa kitu.

Siku ya soko nilirudi na chupa ya kioo, glavu na miwani ya kujikinga. Nilisimama mbele ya kibanda chake, upepo ukitoka mgongoni kwangu, nikatia vidole vichache ndani ya chupa pamoja na dawa ya kwanza ya maabara yetu, ambayo hula shaba iliyo chini ya dhahabu na kuiacha dhahabu yenyewe. Nikafunika kwa kifuniko chenye tundu. Watu wakajaa. Dawa ikageuka kijani, kisha utando wa kwanza wa manjano ukabanduka, ukaelea juu ukizunguka polepole, ukifuatwa na mwingine, na mwingine.

Mama mmoja wa nyanya akauliza, "Hii ni uchawi ama ni shule?"

"Ni shule," nikamjibu.

Mzee Odhiambo alikuwa amesogeza uso wake hadi nikalazimika kumvuta shati arudi nyuma. Alitazama wagonjwa wake, akatazama chupa. "Chukua," akasema mwishowe. "Wote. Lakini huyu wa kijani uniachie." Nilimwachia. Kabla mwaka haujaisha, moto wa nyuma ya vibanda ulikuwa umezimwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewagombeza vijana waliojaribu kuuwasha.

Nadhani ni habari za Katito zilizonirudisha Kisumu. Mkemia wetu alipata kazi kwingine, na Injinia akaniita kwenye chumba cha nyuma. "Sasa zile vyeti zako," akasema, "lete niangalie." Hivyo ndivyo nilivyoingia maabara.

Injinia alikuwa mwalimu mkali. Sheria yake ya kwanza aliisema kila asubuhi: "Hapa ndani hakuna haraka. Mwenye haraka aende stendi." Alinifundisha kazi hatua kwa hatua. Kwanza unabandua utando wa dhahabu kwa dawa ya kijani, unauchuja na kuuosha. Kisha unauyeyusha kwa mchanganyiko wa asidi mbili kali, na hapo dhahabu inatoweka kabisa machoni, inabaki maji ya rangi ya machungwa. Hatua ya tatu, unatia unga mweupe wenye harufu ya kiberiti, na dhahabu inarudi. Lakini hairudi ikiwa ya manjano. Inarudi ikiwa unga wa kahawia unaozama chini ya chupa. Mpaka uuyeyushe kwa moto ndipo utaitambua.

Nilifanya hatua hizo zote nikiwa naye, mikono yake karibu na yangu. Sikuwahi kuzifanya zote peke yangu.

Halafu Injinia akaugua, akaenda Nairobi kwa matibabu. Wenye karakana wakamleta Meneja. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ametoka kwenye kiwanda cha kusaga unga, na huko mahindi yakiingia juu, unga unatoka chini, hapo hapo. Chumba chetu cha nyuma kilimtia wasiwasi: harufu kali, mtu anayetazama chupa siku nzima, kisha kitu kidogo kuliko kokwa. Wenye karakana nao walikuwa wameanza kusema kwamba ni afadhali bodi zote zifungwe kwenye makontena na kupelekwa ng'ambo zikayeyushwe huko. Maabara ingefungwa. Injinia aliwasihi kwa simu akiwa kitandani: kabla hamjafunga, mwacheni Mama Otis afanye fungu moja. Mje mwone.

Fungu lenyewe lilikuwa vidole tulivyokusanya miezi mingi, vya Katito vikiwemo. Wakubwa wangekuja kesho yake asubuhi.

Nilianza alfajiri. Utando ulibanduka vizuri, ukajaa juu ya dawa kama mabawa ya kumbikumbi baada ya mvua. Nereah alikuja kuchungulia na kusema hajawahi kuona mwingi hivyo. Nikauchuja, nikauosha. Mikono yangu ilikuwa imara.

Hatua ya pili ndiyo iliyoniponza. Meneja alikuja kusimama nyuma yangu akitazama saa. "Hii itachukua muda gani?" "Kidogo tu, Bwana." Baada ya dakika tano: "Bado?" Nami, badala ya kumwambia aende stendi, nikaongeza asidi ya naitriki ili mambo yaende mbio. Niliongeza nyingi kuliko inavyotakiwa. Nilijua nilipokuwa nikimimina kwamba ni nyingi. Moshi mwekundu ukapanda, feni ikauvuta, utando wote ukatoweka mara moja. Meneja akafurahi.

Nikatia unga mweupe. Wingu la kahawia likatokea, moyo wangu ukaruka. Kisha wingu likapotea, kama sukari ndani ya chai. Nikatia tena. Likatokea, likapotea. Mara ya tatu halikutokea kabisa.

"Iko wapi dhahabu?" Meneja akauliza.

"Imo ndani, Bwana."

"Ndani wapi? Mimi naona maji." Akatembea kwenda mlangoni na kurudi. "Mama Otis, wakubwa wanakuja kesho. Sitaki wakute madumu ya asidi na hadithi. Mwaga kwenye mtaro, umwagie na maji mengi. Tutasema mashine iliharibika."

Nereah alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi yake. "Huo mtaro unaenda wapi, Bwana Meneja?"

"Unaenda chini."

"Chini ni kwenye mafunjo. Baada ya mafunjo ni Dunga. Dada yangu anaosha samaki hapo."

"Si swali lako," Meneja akasema. Akaja kuelekea kwenye chupa.

Nilisimama mbele yake. Sikuwa nimewahi kumkatalia mkubwa yeyote maishani, si shuleni, si hapa. "Bwana, naomba mpaka jioni."

"Hii ni amri."

"Basi uniandikie barua ya kunifuta kazi. Lakini ukaiandikie ofisini. Hapa kuna asidi."

Akageuka, akaenda kuiandika.

Tulipobaki wawili, Nereah aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nyar Asembo, ni kweli iko ndani, ama unamjibu tu?"

Sikujua. Kulikuwa na njia moja ya kujua: dawa ya bati. Ni maji yasiyo na rangi. Ukiyadondosha kwenye tone lenye dhahabu iliyoyeyuka, hata kidogo sana, tone hugeuka zambarau. Nilichukua tone kwa kijiti cha kioo, nikaliweka kwenye karatasi nyeupe. Nikadondosha dawa.

Karatasi iligeuka zambarau nzito, karibu nyeusi, kama mtu aliyemwaga wino.

"Iko!" nilipiga kelele. "Yote iko! Nereah, hatujapoteza hata chembe!"

Hapo akili ikafunguka. Asidi niliyoizidisha ndiyo iliyokuwa ikila dhahabu kila ilipotaka kurudi. Ilibidi niifukuze. Niliweka bika, lile kopo la kioo lenye dawa yetu, juu ya moto mdogo, chini ya feni, si wa kuchemsha bali wa kutoa mvuke tu, nikangoja mpaka maji yawe mazito kama asali mbichi. Nikaongeza matone ya ile asidi nyingine, nikangoja tena. Mara tatu. Sikukaa. Nereah aliniletea chai nikainywea mlangoni, macho yakiwa kwenye bika. Mchana wote ulipita hivyo, na kila nilipotaka kuongeza moto niliuzuia mkono wangu kwa mkono mwingine.

Saa kumi jioni moshi mwekundu ulikoma. Nilipunguza ukali kwa maji, nikachuja, nikachukua unga mweupe.

Wingu likatokea. La kahawia, zito, likijikunja kama maji ya mto Nyando wakati wa mafuriko. Nikashika meza. Halikupotea. Lilianza kushuka, polepole, likajaza chini ya bika, na maji ya juu yakabaki meupe.

Ndipo Meneja akaingia na bahasha. Akainama, akatazama. "Hilo ni tope."

"Ndiyo, Bwana. Linafanana sana na tope. Kaa kidogo."

Niliuosha ule unga, nikaukausha, nikautia kwenye chungu kidogo cha kuyeyushia pamoja na boraksi ya kuondoa uchafu, nikawasha bomba la gesi. Wachambuzi wote walikuwa wamekuja, wamejazana mlangoni wakishikana mabega. Unga ukawa mweusi, kisha mwekundu. Ukakusanyika vipande vipande. Vipande vikaanza kukimbiliana. Halafu, ghafla, vyote vikaungana kuwa duara moja linalotetemeka, linalong'aa kwa mwanga wa kijani, lililo hai kabisa chini ya moto.

Nikazima gesi. Duara lilipoa mbele yetu, na manjano ikatoka ndani yake kama jua.

Nereah alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Dunga. Mtu alinikumbatia kwa nyuma, sijui nani mpaka leo. Nilikuwa nikilia na kucheka ndani ya miwani ya kujikinga, na miwani ikajaa ukungu nisione kitu.

Lilipopoa vizuri nilimwekea Meneja mkononi. Halikuzidi punje ya mahindi makubwa. Mkono wake ulishuka kidogo. "Ni nzito," akasema. Kisha tena, kama mtoto: "Ni nzito hivi?" Aliikunja bahasha, akaitia mfukoni, na sikuwahi kuiona tena. Lakini alichosema baadaye ndicho kilichonifanya nimheshimu. Aliuliza, "Na haya maji yaliyobaki, yanaenda wapi kama si mtaroni?"

Nikamweleza: vipande vya chuma kwanza, vinyonye shaba iliyobaki, kisha chokaa mpaka ukali uishe, kisha tope lake lifungwe kwenye pipa. Meneja akavua koti lake na kubeba magunia ya chokaa na sisi mpaka kazi ikaisha.

Wakubwa walikuja asubuhi, wakaipitisha punje mkononi mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema ni nzito. Maabara haikufungwa. Mwezi uliofuata tulipata feni kubwa zaidi na tangi la kutibia maji machafu, yote kwa maombi ya Meneja. Injinia aliporudi, nilimweleza ukweli wote, hata kosa langu la asidi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Alisikiliza, akafungua daftari la maabara, akasema, "Liandike hapo. Kwa mkono wako. Atakayekuja aone." Niliandika. Miaka miwili baadaye nilikuwa Mkuu wa Maabara, na kila mwanagenzi aliyeingia nilimsomesha ukurasa huo kwanza.

Nimestaafu sasa. Niko Asembo Bay na Baba Otis, ambaye siku hizi huwaambia watu kanisani kwamba mke wake alikuwa mtaalamu wa madini. Nina kikohozi kidogo, zawadi ya miaka ile kabla ya feni kubwa, na ndiyo maana huwa nawasema vijana wanaofanya kazi hii kwa mabeseni nyuma ya nyumba, bila glavu, watoto wakicheza karibu. Nasikia mnajifunza kwa video. Video hainusi moshi. Tafuteni mtu awasimamie, na mkiambiwa mmwage kitu mtaroni, ulizeni mtaro unakwenda wapi.

Mkiniuliza kama kazi ile iliniridhisha, nitawaambia kilichonipata mwezi uliopita. Goti lilinisumbua, nikaenda hospitali. Nilikuwa kwenye foleni tangu asubuhi na zamu yangu imekaribia, wakati wafanyakazi wawili walipopita koridoni wakisukuma mashine kuukuu ya vipimo, kubwa kama kabati, wakiipeleka uani. Kifuniko chake cha nyuma kilikuwa kimefunguka. Niliona bodi, safu kwa safu.

Sijui niliinukaje. Niliwafuata, nikamwomba ruhusa msimamizi wao, akacheka na kuniambia, "Angalia tu, Mama." Baadaye walinisimulia kwamba muuguzi aliita jina langu mara tano, akatuma mtu kunitafuta chooni, akadhani nimezimia mahali. Walinikuta uani, kichwa na mabega yangu yote yamo ndani ya mashine, fimbo yangu nimeitupa kwenye nyasi, nikipiga kelele peke yangu: "Yawa! Angalia vidole hivi! Vinene hivi!"